Kampuni Tano Daftarini: Maneno kwa Wanaoanza Soko la Hisa

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri mbele ya wanachama wa vyama vitatu vya akiba, katika ukumbi mmoja wa Eastlands, Nairobi. Nimeiandika nilivyoisema, pamoja na maswali mawili niliyoulizwa mwishoni.

Wazee wangu, kina mama, ndugu na vijana, hamjambo.

Nashukuru kwa kualikwa. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Mama, watu wamefungua akaunti za CDS, zile za kuwekea hisa, sasa wanataka uwaambie wanunue hisa gani." Nikamjibu kwamba nitakuja, ila hilo la kununua gani sitalijibu. Nikikutajia jina leo, utanunua leo, na siku bei itakapoyumba hutajua la kufanya, kwa sababu jina hilo ulipewa, hukulitafuta. Nimekuja kuzungumza juu ya hatua inayotangulia kununua, ambayo wengi wetu huiruka: kuchagua kampuni chache za kutazama. Kutazama tu, shilingi yako ikiwa bado mfukoni.

Mimi nimeuza nguo za watoto Gikomba miaka kumi na tisa. Mwaka wa kwanza nilifungua mitumba ya kila aina: leo sweta, kesho mapazia, kesho kutwa viatu. Nilikuwa siwezi kushika pazia nikajua kama litapata mteja. Jirani yangu wa kibanda aliuza suruali za jinzi peke yake. Alikuwa akikunja pindo la mguu, akatazama mshono kwa ndani, akakutajia bei ya suruali hiyo kabla hujameza mate. Nilipotulia na nguo za watoto, mikono yangu nayo ikaanza kujua. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kwenye hisa mambo ni yaleyale.

Soko letu la hisa lilianza mwaka 1954 kama chama cha mawakala, yaani watu wanaowanunulia na kuwauzia wengine hisa, na siku hizi ofisi zake ziko Westlands. Kampuni zilizoorodheshwa hapo ni sitini hivi. Ukilinganisha na New York, ambako ni maelfu, hizo ni chache. Lakini kwa mtu anayefunga kibanda saa kumi na mbili jioni, akapanda matatu, akapika, akakagua kazi ya shule ya watoto, kampuni sitini ni nyingi mno. Mtu huyo akijaribu kuzitazama zote hatazitazama zote. Macho yake yatakimbilia ile orodha ya hisa zilizopanda zaidi leo, na hapo ndipo pesa za wanaoanza hupotelea.

Nieleze kwa nini. Katika siku ya kawaida soko haliruhusu bei kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10. Sasa chukua hisa ya senti 50. Ikipanda senti 5 tu, imeshapanda asilimia 10, na jina lake liko juu kabisa ya orodha. Watu wachache wakinunua hisa chache, senti tano hizo zinapatikana. Kesho yake zinarudi zilikotoka. Hisa ya aina hiyo utaiona kwenye orodha mara kwa mara, na kila mara itaonekana kama habari mpya. Kwa hiyo orodha ya waliopanda isikuchagulie. Wewe uwe na orodha yako.

Basi unaipunguzaje sitini ibaki tano?

Swali langu la kwanza ni kama hisa hiyo huuzwa kila siku. Kupanda na kushuka kutafuata. Nawaomba nikae hapa kidogo, maana nimelipia somo hili.

Mwaka 2013 nilinunua hisa 2,000 za kampuni moja ndogo, jina lake nitalihifadhi. Nilizinunua kwa shilingi 31 kila moja. Ilikuwa kampuni safi, madeni machache, gawio kila mwaka, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Nilikuwa nimesoma mahesabu yake mwenyewe, mstari kwa mstari. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mtoto wangu akaitwa kidato cha kwanza, nikamwambia wakala auze. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu nikafunga kibanda mapema, nikaenda ofisini kwa wakala nitazame kwa macho yangu. Kijana pale akanigeuzia skrini. Upande wa wauzaji tulikuwa wawili, mimi na mtu mwingine, wote shilingi 31. Upande wa wanunuzi alikuwapo mtu mmoja tu: alitaka hisa 300, na bei yake ilikuwa shilingi 28. Kati ya 28 na 31 hapakuwa na mtu. Gazeti asubuhi ile liliandika kwamba bei ya hisa hiyo ni 31, na liliandika kweli, kwa sababu mara ya mwisho ilipouzwa, wiki mbili nyuma, iliuzwa kwa 31.

Nilimpa yule mtu hisa zake 300. Zilizobaki zilitoka kidogokidogo hadi mwezi wa Machi, za mwisho kwa shilingi 24 na senti 50. Karo nilikopa kwenye Sacco. Kampuni ile haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeingia nyumba bila kuuliza mlango wa kutokea uko wapi.

Wataalamu huita jambo hili ukwasi. Sisi tuseme tu: ukitaka kuuza, mnunuzi yupo? Tazama tofauti hii. Safaricom ina hisa zaidi ya bilioni 40. Limuru Tea ina hisa milioni 2 na laki 4, nyingi zikiwa mikononi mwa watu wasio na haraka ya kuziuza. Si ubaya wa Limuru Tea. Kwa mzee anayetaka kuwaachia wajukuu hisa, hilo huenda lisimsumbue. Kwa anayeanza, anayetaka kujifunza kuingia na kutoka, linasumbua sana.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jina lolote daftarini, chukua siku ishirini za soko na utazame idadi ya hisa zilizouzwa kila siku. Bei iache kwanza. Ukiona siku zenye sifuri, piga mstari, nenda kwenye jina lingine. Kipimo changu ni hiki: hisa ninazotaka kununua zisizidi sehemu moja kwa mia ya zile zinazouzwa siku ambayo soko ni baridi. Nikitaka hisa 500, basi hata siku baridi kabisa ziuzwe 50,000. Kipimo hiki nimejitungia, nanyi mnaweza kujitungia chenu, bora kiwepo.

Ukifanya hivyo utashangaa orodha inavyonyooka. Yatabaki majina kama ishirini: Safaricom, benki kubwa kama Equity, KCB, Co-operative na Absa, wauza umeme na wazalishaji wake, watengeneza bia, bima mojamoja. Nayataja kwa sababu yamezoeleka kuuzwa. Mtu asitoke hapa akasema mama wa Gikomba ametuambia tununue.

Swali la pili ni la gharama, nalo ni fupi. Wakala ana ada yake, na kuna makato ya soko na ya wasimamizi. Kwa mtu mdogo jumla inaweza kukaribia asilimia 2 ukinunua, na vilevile ukiuza. Chukua hisa 500 za shilingi 20, yaani 10,000. Ongeza ada, umetoa 10,200. Ili pesa zako zirudi zote baada ya ada ya kuuza, lazima hisa hiyo ifike kama shilingi 20 na senti 80. Sasa rudi kwenye ile orodha ya majina ishirini. Ukiona hisa ambayo miezi mitatu mizima imetembea kati ya shilingi 20 na shilingi 20 na senti 50, hata ungeinunua siku ya chini kabisa na kuiuza siku ya juu kabisa, bado ungepata hasara. Kwa anayetaka gawio, hiyo si shida. Kwa anayetaka kununua na kuuza, ipigie mstari.

Swali la tatu ni kama unaielewa biashara yenyewe, na hapa nataka tutulie tena, kwa sababu watu hujidanganya. Utasikia mtu akisema, naijua kampuni hii, natumia bidhaa zake kila siku. Sukari ya Mumias tuliijua sote. Ilikuwa kwenye chai yetu. Kampuni hiyo iliingia soko la hisa mwaka 2001, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wanaoidai, hisa zake zikasimamishwa, na wenye hisa wakabaki na karatasi. Ndege za Kenya Airways tunaziona zikipita juu ya mtaa wetu. Hisa zake zilisimamishwa Julai 2020, zikaruhusiwa kuuzwa tena Januari 2025. Hesabu hiyo miaka. Aliyekuwa na pesa zake humo aliamka kila siku miaka minne na zaidi akijua hawezi kuuza hata hisa moja.

Kwa hiyo kuijua bidhaa ni mwanzo tu. Mimi nikichukua kampuni huwa nafungua mahesabu yake, ambayo hutangazwa magazetini na kwenye tovuti za kampuni, na natafuta mistari mitatu. Mauzo yamepanda au yameshuka kwa miaka mitatu? Faida nayo? Na madeni, je, yanakua kwa haraka kuliko mauzo? Kama madeni yanakimbia na mauzo yanatambaa, siiweki daftarini, hata bei ikiwa tamu namna gani. Nikishindwa kabisa kueleza kwa Kiswahili, kwa jirani yangu, kampuni hiyo inapata wapi pesa zake, pia siiweki. Hapo nimepitwa na kampuni kadhaa zilizopanda vizuri. Sijutii.

Kuna kitu kingine kinachosaidia. Kwa kanuni za soko letu, kampuni ikiona faida yake ya mwaka itapungua kwa asilimia 25 au zaidi, lazima itangaze mapema. Hilo ndilo onyo la faida. Likitoka kwa kampuni iliyo daftarini mwako, usilipite. Soma sababu waliyoitoa. Kuna tofauti kati ya kampuni iliyopata hasara kwa ukame wa mwaka mmoja na kampuni ambayo wateja wake wameondoka.

Sasa tuseme umebaki na majina tisa au kumi. Tazama kama mengi yanakaa nyumba moja. Hapa kwetu benki ni nyingi na huuzwa sana, kwa hiyo utajikuta una benki tano kati ya tano. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha riba za mikopo, Rais akaitia sahihi mwishoni mwa Agosti. Hisa za benki zilishuka pamoja, iliyokuwa na mahesabu mazuri na iliyokuwa na mabaya, na kikomo hicho hakikuondolewa hadi Novemba 2019. Mtu aliyekuwa akitazama benki peke yake aliona soko zima limekufa. Mimi huweka benki mbili, si moja, kwa sababu mbili hufundishana: moja ikishuka na nyingine ikakaa, kuna jambo la kampuni ile. Zote mbili zikishuka siku moja, jambo hilo liko nje ya milango yao. Nyingine tatu zitoke kwingine, moja umeme, moja simu, moja kiwandani, kwa mfano.

Na jambo hilo la nje laweza kuwa la mbali sana. Hisa zetu kubwa hununuliwa na wageni wenye mifuko mikubwa. Riba ikipanda Marekani, wanauza hapa wakapeleka pesa kule. Safaricom ilikuwa zaidi ya shilingi 40 mwaka 2021, na mwaka 2023 ilifika chini ya 15. Kuanza biashara Ethiopia kulikuwa na gharama zake, lakini wageni waliokuwa wakiondoka sokoni nao walikuwa na mchango mkubwa. Simu zetu zilikuwa zikilia vilevile. M-Pesa ilikuwa ikitumwa vilevile. Wazee hapa wanaikumbuka 2008, hisa hiyohiyo ilipotolewa kwa shilingi 5, foleni za watu wenye fomu, wengine wakiwa na mikopo, na mwanzoni mwa 2009 ikawa chini ya 3. Aliyekuwa na mkopo alilazimika kuuza. Asiyekuwa na mkopo aliweza kungoja.

Daftari langu ni hili. Ni daftari la shule la mistari, kurasa 200. Kila kampuni ina kurasa zake. Wale wa mbele mnaweza kuona: safu ya kwanza tarehe, ya pili bei ya kufunga, ya tatu hisa ngapi zimeuzwa, ya nne nafasi ya kuandika maneno. Soko hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, kwa hiyo jioni taarifa zote zipo. Kampuni tano hunichukua dakika kumi. Simu ina programu zinazofanya kazi hii zenyewe, najua, na mwanangu ameshaniwekea. Lakini namba niliyoiandika kwa mkono huwa naikumbuka. Nikiona kwenye safu ya tatu laki moja, laki moja na ishirini, elfu tisini, kisha ghafla milioni mbili, mkono wenyewe unasimama. Hapo ndipo naanza kuuliza: kuna nini?

Safu ya nne ndiyo tajiri. Tazameni ukurasa huu wa benki moja. Nimeandika: "Gawio limetangazwa." Siku zinafuata, bei inapanda taratibu. Kisha nimeandika: "Leo ni siku ya kwanza hisa kuuzwa bila gawio." Na siku hiyohiyo bei imeshuka karibu kiasi kilekile cha gawio. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilidhani kuna habari mbaya. Hakukuwa na habari mbaya. Anayenunua siku hiyo hapati gawio lile, kwa hiyo halilipii. Mtu asiyeandika angeuza kwa hofu.

Nawasihi mfanye hivi miezi mitatu bila kununua chochote. Nimesema mitatu kwa sababu ndani ya muda huo, ukipanga vizuri, utaiona angalau kampuni moja au mbili zikitangaza matokeo. Benki hufunga mwaka Desemba, hutangaza mwezi wa Machi, na matokeo ya nusu mwaka huja Agosti. Safaricom hufunga mwaka Machi, hutangaza Mei. Kampuni za umeme na watengeneza bia hufunga mwaka Juni. Ziandike tarehe hizi kwenye jalada la ndani. Jioni ya matokeo, kabla hujatazama bei, andika unachodhani kitatokea kesho. Kesho yake andika kilichotokea. Mara nyingi utakuwa umekosea, na itakuwa imekugharimu wino tu.

Jina moja likikuchosha au likipoteza wanunuzi, litoe, uweke lingine. Ila likiingia moja litoke moja. Zikifika nane, utaanza kuruka siku.

Kabla ya maswali, niseme hili kwa uchungu. Kuna makundi ya simu yanayotuma majina ya hisa "za uhakika" na kuomba pesa ziingizwe kwenye namba ya mtu. Wakala halali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha yao iko wazi kwa kila mtu. Hisa zako zinakaa kwenye akaunti ya CDS yenye jina lako wewe. Kati ya 2007 na 2009 mawakala kadhaa hapa Nairobi walianguka, na wateja wao waliumia. Omba taarifa ya akaunti yako ya CDS mara kwa mara uihesabu mwenyewe.

Kijana mmoja aliuliza: "Mama, soko siku hizi linaruhusu kununua na kuuza siku moja. Kwa nini ningoje miezi mitatu?"

Nilimjibu kwamba ni kweli, inaruhusiwa tangu 2021. Nikamwomba aje mbele, nikampa daftari, nikamwambia anitafutie siku ambayo mojawapo ya hisa zangu tano ilitembea asilimia 4 kwa siku moja, yaani kiasi cha kufidia ada za kawaida tulizohesabu. Alipekua kurasa za miezi miwili, akapata siku tatu. Nikamuuliza ni ipi kati ya hizo angeijua asubuhi yake. Alitazama sana ile safu ya nne, kisha akaniomba nimwonyeshe vizuri ninavyoipanga.

Mama mmoja wa nyuma, muuza mboga, akauliza: "Na kama nimeandika miezi mitatu, nikaona katika tano hizo hakuna hata moja ninayoipenda kwa bei yake?"

Mama, hununui. Pesa zako ziache kwenye Sacco, nawe uendelee kuandika. Zamani ilibidi uwe na bei ya hisa 100 ndipo uingie kwenye soko kuu, lakini sharti hilo liliondolewa 2025, kwa hiyo siku utakayokuwa tayari, hata hisa kumi zitakutosha kuanzia. Nimekuja na madaftari kumi na mawili, yako pale mezani kwa katibu. Chukueni. Jumatatu soko litafungwa saa tisa, na atakayekwama kwenye mstari wa kwanza anipate kibandani, nipo hadi saa kumi na mbili.